Siku moja na kijiko kizee, Njombe mwezi wa Saba

Saa 12 asubuhi. Kijiko ni mtambo wa kuchimba wenye ndoo mbele na nyuma; hiki ni JCB 3CX ya miaka ya themanini, injini Perkins 4.236 ya silinda nne. Asubuhi za Julai huku Njombe oili inakuwa nzito kama uji, na huo uzito unaficha ugonjwa. Kijiko kinachochimba vizuri saa mbili kinaweza kuwa hoi saa sita. Ndiyo maana ukienda kununua mtambo uliotumika, ukiwashiwa asubuhi na kuchimbishwa dakika tano, usitoe hela. Subiri upate moto.

Kabla ya kuwasha: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya haidroliki (ile inayosukuma mikono na ndoo). Hii ya mwisho inapimwa mtambo ukiwa sehemu tambarare, na mikono katika mkao ulioandikwa kwenye kibao cha mtambo. Ukipima mikono ikiwa imenyooshwa hovyo, utajaza kupita kiasi. Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, toa maji mpaka itoke dizeli safi. Dizeli ya madumu haikosi maji.

Saa 12 na nusu. Hita ya kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ipewe sekunde 15 hadi 20, ndipo upige stata. Wapo wanaopuliza etha. Kwenye injini yenye hita hiyo usithubutu: inaweza kulipuka na kupasua manifoldi. Moshi mweupe dakika za mwanzo ni dizeli ambayo haijaungua kwa sababu ya baridi. Ukiendelea injini ikishapata moto, angalia nozeli (zinazopuliza dizeli) na mgandamizo. Moshi mweusi, anza na filta ya hewa. Wa bluu, injini inakula oili.

Saa 1. Grisi. Kila nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) ipigwe mpaka grisi ya zamani itokeze pembeni mwa pini. Nipo ikigoma, usiruke kwenda nyingine. Ifungue, zibua njia kwa waya, funga mpya. Zinazosahaulika zaidi ni za pini kubwa za shingo, pale bumu (mkono mkuu wa nyuma) linapogeukia kushoto na kulia. Bushi za pale zikiisha, ndoo inayumba na mtaro hautoki mnyoofu.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kuchimba mtaro wa bomba, hakuna cha kusimulia.

Saa 5 na nusu. Operata anasema, "Fundi, ndoo ya nyuma haikunji, inakufa kwenye udongo mgumu." Swali la kwanza: ni ndoo peke yake au kila kitu? Kama kila kitu kimelegea, tazama filta, hozi ya kuvuta oili, valvu kuu ya presha, halafu pampu. Hapa bumu lina nguvu, miguu inanyanyua mtambo, ndoo ya mbele iko sawa. Basi pampu haina kosa, na anayekwambia ununue pampu anakula hela yako.

Inabaki silinda ya ndoo au valvu yake. Kipimo cha kujua kama oili inapita ndani ya silinda kinafanyika ikiwa bado ya moto. Laza mkono wote chini, kunja ndoo mpaka mwisho ili shafti ya silinda itoke yote. Zima injini, chezesha levha presha iishe. Fungua hozi ya upande wa shafti, iliyo karibu na sili (mpira wa kuzuia oili) ya mbele, na uizibe kwa plagi ya nati. Tundu la silinda liache wazi, weka ndoo ya plastiki, watu wakae kando. Washa, injini ikiwa silensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta), operata avute levha ya kukunja sekunde chache. Asiguse upande wa kufungua kabisa.

Matone machache yakikatika, sili za pistoni ni nzima. Chunguza valvu ya presha ya njia ile, au spuli (kifimbo kinachoteleza ndani ya valvu) iliyolika. Oili ikitiririka muda wote levha imevutwa, inapita kwenye pistoni. Yetu ilitiririka.

Saa 8. Silinda chini. Kabla ya kuagiza sili, pitisha ukucha juu ya shafti na ndani ya bomba la silinda. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya itakatika tena upesi. Peleka kwanza kwa mchonga vyuma. Pima kipenyo cha shafti na cha bomba kwa vernia (kipimo cha kubana), andika namba ya mtambo iliyo kwenye kibao, na chukua sili za zamani kama sampuli hata zikiwa zimekatika vipande.

Hozi zikivuja, usizipapase kwa mkono. Oili ya presha inatoboa ngozi kama sindano, na aliyetobolewa ni wa kukimbizwa hospitali hata kama haumii. Tumia kipande cha boksi.

Saa 11 jioni. Jaza tangi la dizeli sasa hivi, si kesho: tangi tupu usiku wa baridi linatengeneza maji. Ziba matundu yote ya silinda na hozi kwa plastiki safi na waya. Sili zikifika, zipakwe oili ya haidroliki kabla ya kuvishwa, na ukishafunga, kunja na kunjua ndoo taratibu bila mzigo mara kadhaa hewa itoke, kisha pima oili upya.