Deni la Taifa Lilivyofika Karakanani

Wiki iliyopita nilipita kwenye karakana ya rafiki yangu seremala, viungani mwa Nairobi, nikakuta mashine ya randa imefunikwa turubai na wanagenzi wake wawili hawapo. Alikuwa ameitengenezea serikali ya kaunti moja viti na meza za chekechea kwa mbao alizokopa, akakabidhi kazi kwa wakati, na huu ni mwaka wa pili anasubiri malipo. Vijana wale aliwarudisha nyumbani kwa sababu hakuwa na cha kuwalipa.

Wengi wetu husema kwamba vijana wanakosa kazi kwa sababu nchi ina deni kubwa, nami nakubali nusu tu. Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato lake la taifa, ilhali vijana wake wasio na ajira ni wachache mno (huko, kwa kweli, waajiri ndio wanaohangaika kutafuta vijana). Kwetu mzigo mkubwa ni riba. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kukopa fedha kwa benki na wawekezaji wengine, yenye riba ya takriban asilimia 18.5, isiyotozwa kodi. Meneja wa benki anayeweza kumkopesha mteja kama huyo bila kutoka kitini, ana haja gani ya kumsikiliza seremala mwenye mashine mbili, ambaye dhamana yake ni ankara ambayo kaunti haijailipa? Mimi nisingemlaumu.

Kuna wanaodai kwamba tatizo ni vijana kukosa ujuzi. Hoja hiyo hainiridhishi hata kidogo, kwa maana mwaka huohuo wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mambo makuu yaliyozozaniwa ni madaktari wanagenzi, ambao serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za makubaliano ya mwaka 2017, ikisema kwamba fedha hazitoshi. Wagonjwa walikuwapo wodini na vijana waliosomea kazi hiyo walikuwapo nyumbani.

Rafiki yangu ameshapiga hesabu: akilipwa leo, sehemu kubwa itaishia kwa muuza mbao. Kati ya wanagenzi wake, mmoja sasa anaendesha bodaboda ya kukodi. Mwingine bado hupita karakanani kila Jumatatu kuuliza kama pesa za kaunti zimetoka.