Daftari la shangazi lilivyoniongoza kuchagua hifadhidata ya duka la mtandaoni

Siku mbili kabla ya Idd, saa tatu usiku, wateja wawili walilipia doti moja ya khanga. Mmoja alikuwa Dodoma, mwingine Morogoro. Wote walipata ujumbe kwamba oda imepokelewa, wote walikuwa wametuma TSh 15,000, na kwenye rafu ya shangazi pale Kariakoo doti yenye jina "Wema hauozi" ilikuwa imebaki moja tu. Duka lile la mtandaoni nilikuwa nimelijenga mimi.

Shangazi hakunigombeza. Alimtuma kijana duka la jirani, akanunua doti nyingine kwa bei ya rejareja, mzigo ukasafiri, faida ikaishia hapo. Kesho yake nilipokwenda kumwamkia alifungua daftari lake la mauzo akanisogezea. "Mwanangu, mimi nikiuza nakata hapo hapo, mteja hata hajatoka mlangoni. Hiyo ya kwako inakata saa ngapi?"

Ilikuwa inakata kwa kuchelewa. Programu yangu ilisoma idadi, ikaona 1, ikaridhika, ikatoa moja, ikaandika 0. Kati ya kusoma na kuandika kuna nafasi ndogo sana, chini ya nusu sekunde, lakini siku za kuelekea sikukuu watu wanabonyeza kwa pamoja. Mteja wa pili naye alisoma 1 kabla wa kwanza hajaandika 0. Wote wawili wakaandika 0, na hakuna aliyekataliwa.

Hifadhidata niliyoanza nayo, yaani programu inayotunza kumbukumbu za duka, ilikuwa ya aina ya nyaraka. Niliichukua kwa sababu ndiyo niliyojifunzia: kila bidhaa ni waraka mmoja, hakuna kupanga majedwali, ukurasa wa kwanza ulisimama ndani ya siku mbili. Ningeilaumu nisingekuwa mkweli. Hifadhidata za namna hiyo zinaweza kupunguza namba ndani ya waraka mmoja kwa pigo moja lisiloingiliwa, na MongoDB, mojawapo ya hizo, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, inaweza hata kufunga mabadiliko ya nyaraka kadhaa katika muamala mmoja, yaani yote yapite au lisipite hata moja. Msimbo, yaani maelekezo ya programu, ulikuwa wangu na kosa lilikuwa langu. Ila nilitaka kitu kingine sasa: sharti likae kwenye data yenyewe, ili hata siku nikiandika msimbo nimechoka, hifadhidata ikatae.

Nikakaa na lile daftari jioni nzima. Ukilisoma vizuri unaona biashara inavyofikiri. Kila mstari una tarehe, mali, idadi, bei ya siku ile, aliyelipa na aliyebakiza deni. Bei ya zamani haifutwi hata kama doti imepanda. Malipo hayaandikwi mara mbili. Mali haiwezi kuwa chini ya sifuri, maana huwezi kukata kisichokuwepo rafuni. Hayo ni majedwali yenye uhusiano na masharti, na shangazi amekuwa akiyatunza kwa kalamu tangu sijazaliwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ukawa mwepesi: hifadhidata ya uhusiano. Nikabaki na mbili za aina hiyo, MySQL na PostgreSQL. MySQL ilikuwa na sababu nzuri, kwani karibu kila kampuni ya kupangisha nafasi za tovuti inayo, tena kwa bei ndogo. Kilichoniamulia ni jambo dogo ambalo wengi hulipita. Katika MySQL, kabla ya toleo la 8.0.16 lililotoka 2019, sharti la CHECK (la kukagua thamani kabla haijaandikwa) uliloandika kwenye jedwali lilisomwa kisha likapuuzwa kimyakimya. Seva niliyokuwa nimeikodi, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, ilikuwa na toleo la nyuma ya hapo. Yaani ningeandika kwamba idadi isishuke chini ya sifuri, nikalala usingizi, na sharti lisifanye kazi yoyote. PostgreSQL, ambayo ilianza kama mradi wa Michael Stonebraker pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 na kupata jina lake la sasa mwaka 1996, inalisimamia sharti hilo siku zote. Nikahamia seva ndogo ninayoisimamia mwenyewe, nikaiweka humo.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo inahusu nguo zenyewe. Khanga inauzwa kwa doti na ina jina. Kitenge kinahesabiwa kwa yadi. Dera lina saizi, mtandio una aina ya kitambaa. Nilianza kuchora jedwali la bidhaa lenye safu ya kila sifa, nikafika safu zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa tupu. PostgreSQL ina aina ya data inayoitwa JSONB, iliyoingia katika toleo la 9.4 mwaka 2014, inayokuwezesha kuweka sifa zinazobadilikabadilika ndani ya safu moja na bado ukazitafuta kwa haraka. Bei, idadi na namba ya bidhaa zikabaki kwenye safu zake rasmi. Jina la khanga na saizi ya dera zikaingia kwenye safu hiyo ya JSONB. Uhuru niliokuwa nimeufuata kwenye nyaraka nikaupata bila kupoteza masharti.

Kwenye fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea tovuti, nilisita zaidi. WordPress, mfumo wa tovuti ulio tayari, pamoja na WooCommerce, nyongeza yake ya duka, ingenipa duka ndani ya wiki, na kwa mtu asiyeandika msimbo ningemshauri aanzie hapo bila kusita. Mimi nilihitaji kuandika mwenyewe sehemu ya malipo ya simu na utaratibu wa kushika mali, nikaona nitatumia muda mwingi kupigana na maamuzi ya watu wengine. Laravel, fremuweki ya lugha ya programu ya PHP, niliijaribu siku tatu, nikaipenda, lakini PHP yangu ni ya kubabaisha. Python ndiyo lugha ninayoiandika bila kufungua kitabu, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake hiyo ni hoja nzito kuliko zote.

Basi ikawa Django, fremuweki ya Python. Fremuweki hiyo ilizaliwa ndani ya gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na asili hiyo unaiona: inakupa chumba cha usimamizi kilicho tayari, kwa sababu waandishi wa habari walihitaji kuingiza habari bila kumsubiri fundi. Shangazi naye ni hivyo hivyo. Lugha ya Kiswahili imo katika orodha ya lugha zake, na mahali palipobaki Kiingereza nilitafsiri mwenyewe kwa maneno ya dukani: "mzigo mpya", "imekwisha", "bado hajalipa". Wiki ya kwanza tu alipokea bando la vitenge na kuviingiza kwa simu yake, mimi nikiwa kazini kwangu.

Sasa mauzo yanakwenda hivi. Mteja anapobonyeza kulipia, muamala unafunguliwa, mstari wa bidhaa ile unafungwa ili mwingine asubiri, idadi inasomwa, inapunguzwa, oda inaandikwa na bei ya siku hiyo inanakiliwa ndani yake, kisha kufuli linaachiwa. Yote yanafanikiwa au hakuna linalofanyika. Mali inashikwa kwa dakika 15, na malipo yasipofika inarudi rafuni. Kabla ya kufungua duka niliandika programu ndogo iliyotuma maombi 50 kwa wakati mmoja, yote yakitaka doti moja. Oda moja ilipita, 49 zikakataliwa. Nilirudia mara kumi, nikampigia shangazi simu usiku ule ule.

Fedha ziliniletea somo la peke yake. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida inatoa 0.30000000000000004, kwa hiyo bei zote ni namba kamili za shilingi. Lakini kubwa zaidi ni taarifa za malipo ya simu. Mtandao ukiyumba, taarifa ile ile ya muamala inaweza kuja mara mbili, hata tatu, kwa sababu mtumaji hakupata jibu kwamba imepokelewa. Nimeweka sharti kwamba namba ya muamala wa malipo haijirudii kwenye jedwali la malipo. Ikija ya pili, hifadhidata inaikataa, programu inajibu kwamba imeshapokea, basi. Mteja hahesabiwi mara mbili.

Saa nazo zilinichanganya mwezi wa kwanza. Hifadhidata inatunza muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo oda ya saa saba usiku iliingia kwenye hesabu ya jana. Shangazi aliligundua kabla yangu, kwa kulinganisha na daftari. Nililazimika kuandika upya ripoti za siku ili zifuate saa za Dar es Salaam. Kila usiku nakala rudufu ya hifadhidata inahamishwa kwenda seva nyingine, na mara moja kwa mwezi naifungua kwenye kompyuta yangu nione kama kweli inafunguka.

Kuna jambo moja ambalo PostgreSQL na Django hazikuweza kulimaliza. Mtu akiingia dukani, akachukua doti mkononi na kulipa taslimu, hifadhidata haina habari mpaka shangazi aandike, na siku ya wateja wengi hana nafasi ya kuandika. Nilifikiria mashine ya kusoma alama, nikapiga gharama, nikaacha. Suluhisho alilitoa yeye. Alitenga rafu ya juu, mkono wa kushoto, akaifungia kamba nyekundu. Kilicho kwenye rafu ile ni cha mtandaoni peke yake, na mteja wa dukani akikitamani anaambiwa kimeshauzwa. Kila Ijumaa jioni mimi na yeye tunaihesabu. Mimi nasoma idadi kwenye simu, yeye anagusa doti moja moja na kuweka alama kwenye daftari.