Koa kwenye kitalu: ubao umeishinda bia

Hatimaye kitalu cha sukuma wiki kimelala na kuamka kizima, tena katikati ya masika ya Limuru, wakati udongo haukauki hata mchana. Kilichokiokoa ni vipande vya mbao.

Mhalifu kweli ni koa? Mche uliokatwa shinani na kuachwa umelala ni kazi ya sota, kiwavi mkata miche. Koa hutoboa jani ovyo ovyo au huumaliza mche mchanga wote, na asubuhi ute wake uliokauka hung'aa juu ya udongo. Toka na tochi saa tatu usiku, utamkuta kazini.

Bia inasifiwa kupita kiasi. Kopo la majarini lenye bia, la koa kutumbukia na kuzama, hufukiwa mdomo ubaki sentimita 2 juu ya udongo. Ukiusawazisha na ardhi, mbawakawa wanaowinda koa nao hutumbukia. Wala bia yenyewe si lazima, kwani kinachomvuta koa ni harufu ya uchachu: maji vuguvugu nusu lita, hamira nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula. Tatizo ni kwamba harufu haifiki mbali, mvua moja tu huizimua, na koa wengi hunywa pembeni kisha wakaenda zao. Jivu nalo hufanya kazi likiwa kavu tu, na masika hakuna jivu kavu. Maganda ya mayai, utepe wa shaba na changarawe vilijaribiwa kwenye saladi na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, mwaka 2018, na koa wakaendelea kula kama kawaida. Chumvi isiguse tuta hata kidogo, itaua udongo.

Sasa ubao. Uwe mkuukuu, haujapakwa rangi, kama sentimita 30 kwa 20. Uloweshe, kisha jioni uulaze kati ya mistari ya miche juu ya vijiwe, uwazi wa sentimita 1 au 2. Chini yake weka jani la kabichi lililonyauka. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha, ugeuze: koa wamejibandika upande wa chini, wamejikunja. Wakwangue kwa kisu butu ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Usiruke hata asubuhi moja, maana ubao usiogeuzwa si mtego tena, ni nyumba ya bure.

Ukiinua ubao wa kingo za tuta, chimbua kidogo. Mayai yapo hapo, meupe ya kupenyeza mwanga kama punje za sagu, yamerundikana. Yaanike juani. Kila koa ana jinsia zote mbili, kwa hiyo kila mmoja unayemkwangua ni mtagaji. Ndiyo maana mavuno ya ubao hupungua taratibu, si kwa usiku mmoja: mayai yaliyokwisha tagwa yanaendelea kuanguliwa.

Kumwagilia kumehamia asubuhi, na matandazo yamesogezwa mbali na miche hadi ikomae. Hayo mawili pekee yasingetosha, lakini bila hayo ubao unashindana na maficho mengine mia.

Chambo cha fosfati ya chuma kinakubalika katika kilimo hai. Gramu 5 kwa mita moja ya mraba, kitawanywe, kisirundikwe. Koa akikila huacha kula na kwenda kufia mafichoni, hivyo usiongeze dozi kwa kutoona mizoga.

Hatua iliyopangwa ilikuwa kuzungushia kitalu mtaro mkavu. Imeachwa, kwa sababu kuna wazo bora: kupandisha kitalu kwenye kichanja, kimo cha kiuno, kila mguu ndani ya kopo la maji ya chumvi kali. Chumvi inabaki koponi. Makopo yafunikwe na kibati kilichopanuka ili mvua isiyajaze yakamwagikia tuta, na nyasi za chini zifyekwe. Jani moja likigusa kichanja ni daraja. Miguu ya mkaratusi tayari imekatwa.