Mshale wa mafuta wa Land Rover ya mzee ulivyoamka

Mzee aliniachia Land Rover Series III ya 1976, ile fupi ya inchi 88, na kwa miaka mitatu mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye E hata nikijaza tenki. Mimi nilikuwa nahesabu kilomita tu. Sasa kuna siku natoka Tukuyu na mama, ile kupanda kuja Isyonje gari linakunywa kuliko hesabu zangu, likakata pale juu saa moja jioni, ukungu huoni hata mita kumi, mama amejifunika kitenge mpaka kichwani anatetemeka na hasemi neno. Bodaboda alituletea dumu la lita 5. Ile kunyamaza kwa mama iliniuma sana, nikasema hii geji lazima ipone.

Fundi wa kwanza hapa Mbeya mjini aliangalia dashibodi akasema geji imekufa, akaniuzia nyingine ya mtumba, tukafunga, mshale ukalala vilevile. Hela imeenda.

Aliyeniokoa ni ba'mdogo, ameendesha hizi gari miaka na miaka. Akaniuliza, "Geji ya joto inafanya kazi?" Nikamwambia inafanya vizuri tu. "Basi mwanangu usinunue kitu tena." Akanieleza kwamba geji ya joto na ya mafuta zinakula umeme kutoka kwenye kiboksi kimoja nyuma ya dashibodi, kinashusha umeme wa betri mpaka kama volti 10, kwa hiyo kingekufa kile zingesumbua zote mbili.

Tukainua kiti cha dereva, tenki liko chini yake, tukatoa kile kifuniko cha bati na senda hiyo hapo, kile kifaa kinachopima mafuta ndani ya tenki na kuipelekea geji habari. Waya wake ni wa kijani wenye mstari mweusi. Tukauchomoa, tukauvutia mbali na tenki maana cheche na petroli havikai pamoja, tukaugusisha kwenye bodi huku swichi iko on. Mshale ukaanza kupanda taratibu (hizi geji haziruki, zinapanda polepole) mpaka kwenye F, tukautoa hapohapo maana ukiuacha muda mrefu unaunguza geji. Kumbe geji nzima, waya mzima! Yaani ile geji niliyotoa nayo ilikuwa nzima.

Tukachomoa betri, tukafungua screw za senda, tukaitoa taratibu na mkono wake. Hapa ndo utamu ulipo. Mita ya umeme tukaiweka oms (kipimo cha ukinzani wa umeme), mkono ukiwa chini inasoma kama 240, tukaupandisha kwa kidole namba zikashuka vizuri bila kurukaruka mpaka thelathini na kitu. Sasa senda nzima, waya mzima, geji nzima, na tenki lina mafuta zaidi ya nusu, ugonjwa uko wapi? Ba'mdogo akashika floti ya shaba, lile boya la mwisho wa mkono linaloelea juu ya mafuta, akaitikisa sikioni kwangu. Chwa chwa. Imejaa petroli ndani, inazama badala ya kuelea.

Tukaitumbukiza kwenye sufuria la maji ya moto, tena nje kabisa mbali na jiko, vikatoka viputo vidogo kwenye maungio, katundu kadogo ka kuingiza sindano tu. Tukakapanua kidogo, tukamwaga, nikaianika juu ya bati siku tatu mpaka harufu ikaisha kabisa, hapo usiwe na haraka, mvuke wa petroli uliobaki ndani unalipuka. Kuilehemu nako kulitusumbua, hewa ya ndani ikipata moto inaisukuma risasi ya kulehemu nje, mpaka tukaizungushia kitambaa kibichi ikabaki sehemu ya tundu tu, ndo risasi ikakubali kushika. Tukairudisha kwenye maji ya moto, hakuna kiputo hata kimoja.

Kufunga ilikuwa rahisi, gasketi mpya nikakata mwenyewe, na pale screw zinapokaa nikapiga msasa maana senda inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia bodi ya tenki.

Nikaenda sheli ya Uyole na mama kiti cha pembeni, nikajaza, nikawasha swichi. Mshale ukanyanyuka pole pole, robo, nusu, ukaenda kusimama karibu na F. Mama akaunyooshea kidole akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," yaani asante.