Kilo 440 za Mjomba

Mjomba alikuwa na tanuri la chokaa Boko, Dar es Salaam, kwenye ukanda uleule wa mawe unaolisha kiwanda cha saruji cha Wazo tangu miaka ya 1960. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo nashinda kwake, na siku hiyo nilimkuta amewakalia kooni vibarua.

Safari hii alikuwa ameyapima mawe kabla hayajapangwa, ndoo kwa ndoo, hadi kilo 1,000. Tanuri lilipopoa na majivu kuchekechwa, chokaa ikapanda mizani: kilo 640.

"Kilo 360 zimeota mbawa? Hakuna malipo mpaka mwizi ajitaje!"

"Bosi," akasema yule mkubwa wao, "tangu lini chokaa ikawa nzito kama jiwe?" Yeye alijua kwa kubeba.

Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe, moja ya jiwe la chokaa ni gramu 100: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16. Ukilichoma barabara, kwenye nyuzi 900 hivi, unapata moli moja ya chokaa, gramu 56, na moli moja ya hewa ya ukaa, gramu 44. Jiwe moja, chokaa moja, hewa moja. Gramu zigeuze kilo, uwiano ni uleule: kilo 1,000 za mawe, chokaa 560, na 440 zimepaa.

"Hewa ina kilo?"

"Inazo, mjomba."

Akaitazama karatasi kwa muda. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu. "Sasa mbona zimefika 640?"

"Kumbe mwizi katuongezea!" kibarua mmoja akadakia, wote wakaangua kicheko.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kilo 80 za ziada zilikuwa hewa ambayo bado haijatoka. Kila kilo ya jiwe bichi hubaki na gramu zake 440, kwa hiyo 80 gawanya kwa 0.44: karibu kilo 180 za mawe hazikuungua. Darasani swali lingeanza na "chukulia jiwe ni safi". Mawe ya Boko yana mchanga wake, kwa hiyo yalikuwa makisio.

Nikaomba karai la maji, tuone donge lipi limeiva na lipi bado bichi. Donge la kwanza lilichachatika, likafuka mvuke, likavimba na kumomonyoka kuwa unga moto. La pili, la ukubwa wa ngumi, likatulia tuli. Tukalipasua kwa nyundo: ganda jeupe, moyo wa kijivu. Yaliyofanana nalo yakaanza kutengwa, na rundo halikuwa dogo.

Mjomba aliwalipa kabla ya magharibi, ila hakunyamaza.

"Nani kapanga mawe makubwa hivi katikati?"

"Na nani kakataa kuongeza kuni?" akajibu yule mkubwa wao.

Wakanigeukia mimi. Nikawaambia kuni hazimo kwenye hesabu yangu.