Thabeet habanduki Memphis: kumbukumbu ya ligi yangu

Kompyuta ya steshenari yetu hapa Kirumba asubuhi inachapa barua na vibali vya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni. Mchana wateja wakipungua, inaendesha Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Gemu ni Basketball GM, ambamo wewe ndiye meneja wa timu. Inachezwa bure kwenye kivinjari, na usitegemee kuona mtu akiruka: ni majedwali tu, majina, alama na mishahara. Ukishaifungua, inaendelea hata bando likikata. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuipa ushindi dhidi ya gemu zenye picha nzuri. Ligi yote inakaa ndani ya kivinjari, kwa hiyo jioni nainakili kwenye flashi, asije mtu akanisaidia "kusafisha" kompyuta.

Unaweza kuanza na wachezaji halisi wa msimu wowote tangu 1947. Nimechagua 2009, kabla ya drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya), kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka ule Memphis walimchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, namba 2. James Harden alifuata namba 3, Stephen Curry akasubiri hadi namba 7, na wote wawili baadaye wakawa nyota. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 na rebaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 3.6 kwa mechi, katikati akashushwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, na Februari 2011 akahamishiwa Houston.

Sharti la mradi: haondoki. Gemu ina kipimo kinachowalazimisha wachezaji wakue kama walivyokua kweli; nimekiweka sifuri, ili kila mtu aanze na bahati yake upya.

Drafti ya 2009

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Kaka, Curry yupo hapo, unamwacha?" Nikabonyeza Thabeet.

2009-10

Mechi 29 tumeshinda kati ya 82. Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay na Marc Gasol wanabeba timu. Thabeet anaingia kutokea benchi na alama ya jumla 43 kati ya 100. Bloku, yaani kuzuia mitupo, anazo. Akifika mstari wa mitupo huru, naangalia pembeni.

Siku moja kocha anayefundisha vijana pale Mirongo alikuja kutoa kopi za fomu za usajili, akaona jedwali. "Mpe dakika, kijana wangu. Mtu mrefu hakui akiwa amekaa." Nikamweka alama ya kuongezewa muda. Lakini ilibidi nimweleze kwamba humu ndani dakika hazimkuzi mchezaji. Acheze 40 au asicheze kabisa, msimu ukiisha gemu inatazama umri wake, inaongeza kidogo kutokana na bajeti ya makocha, kinachobaki ni bahati. Kocha akanitazama. "Sasa huyo anakua kwa kula nini?"

Sikuwa na jibu zuri, ila bajeti ya makocha niliipandisha siku hiyohiyo.

Kinachonikera zaidi ni hilo la umri. Thabeet aliingia drafti akiwa na miaka 22, Harden 19, na gemu kwa haki kabisa inampa mwenye 19 nafasi kubwa ya kukua. Ila Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Kwa mpira alikuwa mtoto bado, na hakuna safu yoyote kwenye jedwali inayolijua hilo. Kuna sehemu ya kujipa madaraka yote, ningeweza kumpunguzia umri kwa kubonyeza mara mbili. Nikifanya hivyo nitakuwa najidanganya, na kocha akirudi kutoa kopi nitamwambia nini?

2010-11

Amepanda hadi 49! Sasa ana kialama cha ulinzi wa ndani na cha rebaundi. Gemu haijali sana majina ya nafasi, inajali ujuzi unavyooana, kwa hiyo nimemwanzisha pamoja na Gasol. Tumefika mtoano, tukatolewa mapema.

Mama mmoja wa Mwaloni aliona ukurasa wa mishahara akauliza kama hizo ni shilingi. Nilipomwambia ni dola, aliomba kiti akae.

2011-12

Alama 53, bloku 2.6 kwa mechi. Curry kwa upande wake yuko 68, na mdogo wangu ananisomea takwimu zake bila kuombwa.

Shida imekuja kwenye mikataba. Wa Thabeet wa drafti umeisha, na wa Mayo pia. Tumeshavuka kikomo cha mishahara. Wachezaji wako mwenyewe unaruhusiwa kuwaongezea mkataba, lakini wa nje utawapata kwa kima cha chini tu. Thabeet ni wa wale wanaotanguliza pesa, na Memphis ni mji mdogo. Kilichoniokoa ni kwamba mchezaji uliyemwingiza mwenyewe huwa na moyo wa kubaki mkataba wa kwanza unapoisha. Nimempa miaka minne.

Mayo nimemwacha aende. Alikuwa mtu wetu wa pointi tatu, na waliobaki sokoni kwa bei yetu ni wazee watupu. Drafti ijayo tunachagua namba 19. Natafuta mlinzi anayetupa kwa mbali, hata akiwa mfupi. Mdogo wangu kanuna, na zamu ya kufungua duka kesho ni yake.