HiAce ya Baba, kwa mabaki ya seti mbili

Kasha la modeli, vile vigari vya plastiki vya kuunga mwenyewe, halikuwa na kifuniko. Mama mmoja wa soko la Kongowea, Mombasa, upande wa mitumba, alikuwa amelisukuma chini ya rundo la wanasesere na magari ya betri yaliyokufa. Nilipoinama kulivuta akaniuliza, "Wamtakia mtoto?" Nikamjibu, "La mama, nalitaka mwenyewe." Akanitajia shilingi 300 nami sikupatana bei, maana nilishaona kilichomo.

Bodi moja niliitambua kabla sijaishika: Toyota HiAce ya umbo lile lililoanza 2004, kipimo cha 1 kwa 24, yaani kila milimita yake ni 24 za gari lenyewe. Paa lilikuwa na ufa kutoka kioo cha mbele hadi katikati. Chesisi, ile fremu ya chini, haikuwamo, vioo havikuwamo, taa ya nyuma ya kushoto haikuwamo. Chini yake palikuwa na gari jingine, van ya Kimarekani ya miaka ya 1970, kipimo cha 1 kwa 25, mtu amelibandika kwa haraka na kulipaka rangi nyeusi kwa brashi. Vijana wa Marekani wa enzi hizo walikuwa wakizigeuza van zao kuwa vyumba, wakitia mazulia, vitanda na picha kubwa ubavuni, na seti za modeli zikafuata mtindo huo huo. Ndani ya ile yangu mlikuwa na viti viwili vya kifahari na friji ndogo kama ukucha wa kidole.

Baba aliendesha matatu njia ya Likoni–Ukunda zaidi ya miaka ishirini. Mengi ya magari yake yalikuwa Nissan, na mpaka leo kuna watu wazima Mombasa wanaoita matatu yoyote ndogo "Nissan" hata ikiwa Toyota. Lakini gari lake la mwisho, aliloliacha 2016 mgongo ulipomshinda, lilikuwa HiAce nyeupe. Nalikumbuka tangu lilipotoka bandarini. Lilikuja kutoka Japani kama gari la mizigo: viti vya mbele tu, nyuma sakafu tupu, vioo vya ubavuni visivyofunguka. Gereji ya jua kali ndiyo iliyoligeuza matatu. Fundi alichora kwa chaki, akakata, akatia madirisha ya kusukuma, akachomelea fremu za viti zilizotolewa kwenye gari lililopinduka. Nilishinda pale siku tatu kumpelekea Baba chakula. Kwa hivyo nilipolitazama lile kasha sikuona upungufu. Hata gari lenyewe lilijengwa kwa vipande vya gari jingine.

Vipimo vyake nimevihifadhi: urefu milimita 4,695, upana 1,695, kimo 1,980. Vimekuja hivyo kwa sababu. Japani, gari dogo la mizigo likizidi meta 4.7 kwa urefu, 1.7 kwa upana au 2 kwa kimo, linaingia daraja jingine la usajili, basi waunda HiAce hii wakasimama milimita chache kabla ya mpaka. Gawanya kwa 24 upate 195.6, 70.6 na 82.5. Niliipima bodi kwa vernia ya dukani, kile kipimio cha milimita, ikakubali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulivunja lile la Kimarekani bila kuliua. Gundi ya modeli na supaglu si kitu kimoja. Gundi ya modeli huyeyusha plastiki pande zote mbili zikawa kitu kimoja, na hapo hapana ujanja isipokuwa msumeno. Supaglu hukaa katikati tu, na ikipata baridi kali huwa kavu kama ukoko. Nililifunga gari kwenye mfuko nikaliweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nilipenyeza wembe kwenye maungio, na sakafu ikaachia kwa mlio mmoja. Rangi nyeusi niliitoa kwa oili ya breki: siku mbili ndani ya mkebe wa aiskrimu wenye kifuniko, glavu mkononi, kisha mswaki wa zamani na sabuni. Oili ya breki hula rangi na kuiacha plastiki ya modeli salama. Thina ingekula vyote viwili.

Sasa chesisi. Kutoka ekseli hadi ekseli HiAce ina milimita 2,570, ambazo kwa kipimo changu ni 107. Ile ya Kimarekani ilikuwa 126. Nilikata 19 katikati kwa kipande cha hakso, nikaunga kwa bamba mbili kwa ndani, nikanyoa kila ubavu karibu milimita 5 ili iingie. Magurudumu yake mapana yalikuwa mazuri kuyatazama lakini si ya Likoni. HiAce huvaa 195/80R15, yaani tairi ya karibu sentimita 69 kutoka juu hadi chini, milimita 29 kwangu. Nilizipata kwenye lori la chuma la mtoto, lililokatika mbele.

Wengi huniuliza nanunua wapi plastiki bapa ya kuziba na kuungia. Sinunui. Geuza kikombe cha mtindi utazame pembetatu iliyo chini yake. Ikiwa ina namba 6, hiyo ni polistirini, plastiki ile ile ya modeli, na gundi itaishika. Ikiwa ni 5, iache, haitashika hata ukiomba dua. Zile fremu zinazoshikilia vipande vya seti pia hazitupwi. Nazikatakata ndani ya chupa ndogo ya kioo, natia thina kidogo, nafunga, na kesho yake nina uji mzito wa plastiki. Ufa wa paa niliuziba kwa uji huo kwa awamu nne, kila awamu siku mbili za kukauka, kisha msasa wa 400, 800, na 1000 wa maji. Ukipitisha kidole huusikii.

Paa hilo hilo nusura niliharibu. Fundi mmoja wa rangi alinipa mabaki ya nyeupe ya magari, nikapuliza moja kwa moja bila praima, ile rangi ya kutangulizia. Dakika tano baadaye uso wote ulikuwa umepasuka mistari kama matope yaliyokauka, maana thina ya rangi ile ni kali kwa plastiki tupu. Nilirudi kwenye oili ya breki na msasa, wiki mbili zikaenda. Safari ya pili nilitanguliza praima, na nyeupe nikaipuliza kama ukungu, mara sita.

Vioo nimevikata kwenye chupa ya maji ubavu ulio bapa, nikavibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hutoa mvuke unaokitia kioo ukungu, na ukungu huo hautoki kwa urahisi.

Viti ndivyo nilivyovipenda zaidi. Eneo la nyuma la HiAce lina urefu wa karibu meta 3, na humo hukaa safu nne za watu watatu watatu. Wawili wengine huketi mbele kando ya dereva, wakawa 14. Piga hesabu: kila safu ina sentimita 75 tu, na aliyewahi kupanda kutoka Likoni akiwa na kikapu mapajani azijua sentimita hizo. Kwangu ni milimita 31. Nilichonga viti kumi na viwili kwa sponji ya patipati iliyokatika kanda, nikavivika utepe mweusi wa umeme, ambao ukiuvuta kidogo hung'aa sawasawa na ngozi bandia. Kiti cha dereva nilichukua kimoja cha vile vya kifahari, nikakinyoa mikono yote miwili. Friji nimeiweka. Ipo siku.

Halafu mstari wa manjano. Kabla ya kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu za Mombasa zilivaa kila rangi. Baada yake kukawa na watu 14, mikanda, spidi gavana, na mstari wa manjano kulizunguka gari. Nilikwenda stejini Likoni na futi ya mshonaji nikapima wa gari lililoegeshwa: sentimita 15. Makanga aliponiuliza nafanya nini nilimweleza, akanishikia ncha ya pili. Sentimita 15 kwangu ni milimita 6 na robo. Niliziba juu na chini kwa utepe, nikapuliza, na maneno LIKONI – UKUNDA nikayaandika kwa brashi niliyoiacha nywele tatu, nikizuia pumzi kila herufi.

Ilibaki ile taa ya kushoto. Nilitafuta plastiki nyekundu inayopitisha mwanga kila mahali nikaipata kwenye mpini wa mswaki. Jioni mbili za kuchonga na kusugua, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa kuipa mng'ao. Ilikaa pazuri, usingejua ipi ni ya seti na ipi ni ya mswaki.

Ijumaa, baada ya sala, nilimpelekea Baba. Alivaa miwani, akaliweka kwenye kiganja, akalitazama kwa chini kwanza, kama alivyokuwa akifanya alfajiri kabla ya safari. Akausukuma mlango wa abiria kwa ukucha.

"Huu haufunguki."

"Haufunguki, Baba. Nimeubandika."

"Vyema. Wangu nao ulikuwa wataka kupigwa bega." Akahesabu viti kimoja kimoja, midomo ikicheza. Akaligeuza nyuma akanyamaza kidogo. "Taa hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza habari ya mswaki.

"Kazi nzuri, mwanangu. Lakini taa hii mimi sikuwa nayo. Mkokoteni wa maji uliivunja pale Ng'ombeni mwaka wa kwanza, tukabandika tepu nyekundu, na tepu ile ndiyo iliyokwenda na gari mpaka likauzwa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeikata."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilirudi nyumbani, nikapenyeza wembe chini ya taa, nikaitoa. Tepu nyekundu nimeikata leo asubuhi, ncha moja imeinuka kidogo.